Ihsani Katika Kuua: Hukumu ya Panya na Wadudu wa Nyumbani

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, aliyewaumba wakubwa na wadogo, akamkadiria kila mmoja riziki yake na ajali yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hata siku ya malipo.

Ama baad. Enyi ndugu zetu Waislamu, waume kwa wake, jambo tunalotaka kulieleza katika kurasa hizi chache ni dogo machoni pa watu, walakini si dogo mbele ya sharia. Nalo ni namna tunavyowaua viumbe wanaotuudhi majumbani mwetu: panya, kunguni, mende, chungu, siafu, nyoka na mfano wa hao. Watu wengi hutujia wakauliza, "Je, yafaa kumwua?" Wakisha kujibiwa kuwa yafaa, huondoka kwa furaha, wala hawarudi kuuliza suala la pili, nalo ndilo zito zaidi: "Nimwue vipi?" Na huku madukani inauzwa gundi ya kunasia panya, na mitaani zinauzwa sumu zisizo na jina, na wako watoto wanaommwagia panya mafuta ya taa, wakamtia kiberiti, wakacheka. Basi imetupasa kueleza, ili asiyejua ajue, na anayejua akumbuke.

VIUMBE HAWA NI UMMA

Jua, ewe ndugu yangu, ya kwamba Mwenyezi Mungu ametukhubiria katika Sura ya al-An'am, aya ya 38, kuwa wanyama watambaao juu ya ardhi na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma mbalimbali mfano wetu sisi. Na katika Sura ya an-Naml ametusimulia khabari ya chungu aliyewaonya wenziwe waingie majumbani mwao, wasije wakapondwa na jeshi la Nabii Suleiman pasi na jeshi kujua. Nabii Suleiman akayasikia maneno ya mdudu yule, akatabasamu, akamshukuru Mola wake. Mfalme mwenye majini na upepo chini ya amri yake hakuona haya kumsikiliza chungu. Sisi ni nani hata tumdharau?

Na katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Abu Huraira (r.a.), imekuja khabari ya Nabii mmoja katika Manabii waliotangulia. Aliumwa na chungu, akaamrisha kijiji kizima cha chungu kichomwe moto. Mwenyezi Mungu akamlaumu, kwa kuwa aliyemwuma ni mmoja, naye ameangamiza umma unaomsabihi Mola wake. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, yaani 1277, ameeleza katika sharhe yake ya Sahihi Muslim kuwa katika sharia ya Nabii yule kuchoma kulikuwa kunajuzu, na lawama ilikuja kwa kuwa alizidi juu ya yule mmoja aliyemwuma. Ama katika sharia yetu sisi, kumchoma mnyama kwa moto hakujuzu. Basi ikiwa Nabii amelaumiwa kwa kupita kiasi, atasalimikaje mtu kama mimi na wewe?

RUHUSA IKO, NA MPAKA WAKE UKO

Asifahamu mtu katika maneno yetu haya kuwa twaharimisha kuua kila mdudu. La, hasha. Dini yetu si dini ya kumwacha panya ale akiba ya mayatima. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kuwa Bwana Mtume (s.a.w.) amewataja viumbe watano waharibifu wanaouawa hata ndani ya Haram ya Makka, nao ni kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mshambulizi. Na wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wamewagawanya viumbe mafungu. Wako wenye madhara ya wazi, kama hao watano na nyoka na viroboto na kunguni, na kuwaua hao ni jambo lililopendekezwa. Wako wasio na faida ya dhahiri wala madhara, mfano wa mende wa porini anayebingirisha mavi ya mnyama, na kuwaua hao ni makuruhu. Na wako waliokatazwa kuuawa, kama nyuki, hudihudi, na yule chungu mkubwa aitwaye wa Suleiman. Ama sisimizi mdogo anayeuma na kuharibu chakula, wanavyuoni wetu wameruhusu kumwua.

Na hekima ya ruhusa hii si siri. Mwaka 1898, tabibu Mfaransa Paul-Louis Simond alionyesha huko Bara Hindi ya kuwa tauni huletwa na kiroboto anayemwacha panya aliyekufa akamrukia mwanadamu. Na hapa kwetu, watu wa Lushoto wameionja tauni katika miaka ya 1980 na 1990. Kumwondoa panya nyumbani basi ni katika kuhifadhi nafsi, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia.

Ama nyoka wa majumbani, Abdallah bin Umar (r.a.) alikuwa akiwaua nyoka wote, mpaka Abu Lubaba (r.a.) alipomwambia kuwa Bwana Mtume amekataza kuwaua wale wakaao majumbani, akaacha. Imekuja kuwa nyoka huyo huonywa kwanza, na wanavyuoni wamekhitalifiana kama hukumu hii ni ya Madina peke yake au ni ya miji yote. Lakini nyoka anayemshambulia mtu huondoshwa hapo hapo, kwani kumzuia mshambulizi ni mlango mwingine katika fikihi.

NAMNA YA KUUA NI AMANA

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno. Hadithi ya kumi na saba katika Arbaini ya Imam Nawawi, ambayo watoto wetu huihifadhi madrasani kabla hawajaota ndevu, imepokewa na Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aus (r.a.). Maana yake ni kuwa Mwenyezi Mungu ameandika ihsani juu ya kila kitu. Basi tukiua tuue vizuri, na tukichinja tuchinje vizuri, tunoe kisu, na tumpumzishe yule tunayemchinja. Yatazameni maneno "kila kitu", enyi ndugu zangu. Hayakumtoa panya wala hayakumtoa kunguni. Na uzingatie pia kuwa hadithi haikusema tusiue, imesema tukiua. Ruhusa na wajibu vimekuja pamoja katika sentensi moja, na mwenye kushika ruhusa akautupa wajibu ameshika nusu ya hadithi.

Na wengi wetu twamfahamu vibaya mjusi yule wa ukutani ambaye watu wa pwani humwita mjusi kafiri. Ni kweli imekuja amri ya kumwua. Lakini ilikuja vipi? Katika Sahihi Muslim imethubutu kuwa anayemwua kwa pigo la kwanza ana thawabu nyingi, na kwa pigo la pili thawabu hupungua, na kwa la tatu hupungua zaidi. Baadhi ya wanavyuoni wamesema sababu yake ni hiyo ihsani katika kuua: pigo moja ni kifo cha haraka, na mapigo mengi ni mateso. Basi wale vijana wanaomkata mkia kwanza, kisha mguu, kisha wakamfunga uzi, na huku wakidhani wanachuma thawabu, wamekwisha kuzipoteza kabla hajafa. Huu si utiifu. Ni mchezo uliovikwa kanzu ya dini.

Na mambo manne yamekatazwa waziwazi. La kwanza ni kuadhibu kwa moto, kwani Bwana Mtume alipokiona kijiji cha chungu kilichochomwa aliuliza ni nani aliyefanya hayo, kisha akabainisha kuwa haimpasi yeyote kuadhibu kwa moto isipokuwa Mola wa moto. La pili ni kumfanya mwenye roho shabaha. Ibn Umar aliwapitia vijana wa Kikureshi wamemfunga ndege wanamtupia mishale, walipomwona wakatawanyika, naye akawakumbusha kuwa Bwana Mtume amemlaani afanyaye hayo. La tatu ni kumtesa mnyama kwa khofu kabla ya mauti. Mtu mmoja alikuwa akinoa kisu mbele ya kondoo aliyemlaza, Bwana Mtume akamlaumu, akamwuliza kama ataka kumwua mara nyingi. La nne ni kumfungia mnyama mpaka afe, nayo ni khabari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: hakumlisha wala hakumnywesha, wala hakumwachilia akajitafutia wadudu wa ardhini.

VYOMBO VYA LEO KATIKA MIZANI HIYO

Tuviweke basi vyombo vyetu juu ya mizani hiyo, kimoja kimoja.

Gundi. Panya hukanyaga, akanasa miguu, kila akivuta akazidi kunasa, hata manyoya na ngozi vikabanduka. Hafi kwa gundi. Hufa kwa kiu, na uchovu, na kukosa pumzi, na huenda akapitisha usiku kucha na mchana wake akilia. Kisha mwenye nyumba hukunja karatasi akaitupa jalalani na mnyama angali hai. Niambieni, ni lipi lililo baina ya karatasi hii na paka wa yule mwanamke? Sharia imeruhusu kumwua panya. Haikuruhusu kumfunga mpaka afe. Kuua ni jambo moja na kufunga ni jambo jingine. Kwa hiyo tunaloliona sisi, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, ni kuwa haifai kutumia gundi hii maadamu njia nyingine ipo, nayo ipo. Na aliyekwisha kunasa kiumbe asichelewe: ama amwue kwa pigo moja, ama, ikiwa ni mjusi au ndege asiye na dhambi, amlegeze kwa mafuta ya kupikia, maana mafuta hulegeza gundi ile. Uingereza wamepitisha sharia mwaka 2022, ikaanza kutumika Julai 2024, ya kuwakataza watu wa kawaida kutumia gundi hiyo. Si vizuri wengine watutangulie katika jambo lililomo ndani ya vitabu vyetu tangu karne kumi na nne.

Maji. Wako wanaomnasa panya katika kizimba, kisha wakakizamisha chote ndani ya ndoo au baharini. Kuzama si kifo cha haraka. Mnyama hupigania pumzi akiwa amefungwa, na waganga wa wanyama wameihesabu njia hii kuwa ya ukatili. Mwenye kutumia kizimba na akitazame kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, wala asimwache mnyama juani siku nzima.

Moto. Hukumu yake imekwisha kutajwa. Na juu ya dhambi, ni hatari: panya anayekimbia na moto hukimbilia dari na makuti. Ama kunguni waliojikita katika matendegu ya kitanda, mwanzo ni kufua matandiko, kuanika jua kali, kupaka dawa nyufani. Isipobakia njia ila maji ya moto, wako wanavyuoni walioruhusu kwa dharura. Na dharura hukadiriwa kwa kadiri yake, haigeuzwi kuwa ada.

Sumu. Sumu nyingi za panya za siku hizi huzuia damu kuganda. Mnyama huila leo, akafa baada ya siku kadha kwa kuvuja damu ndani ya mwili wake. Kisha paka au bundi akamla yule panya, naye akadhurika, na bundi mmoja huwala panya wengi kuliko mitego yetu. Na mtoto mchanga hajui tofauti ya punje ya sumu na punje ya mchele. Basi asiitumie mtu isipokuwa pale penye haja kubwa, mfano khofu ya maradhi au ghala lililozidiwa. Naye aiweke asipofika mtoto wala paka, aokote mizoga kwa koleo si kwa mkono, aizike. Na sumu ya mtaani isiyo na maandishi asiiingize nyumbani kabisa, kwani hakuna kudhuru wala kudhuriana katika Uislamu.

Mtego wa chuma. Huu, ukiwa na nguvu na ukiwekwa sawasawa, hupiga shingo na mauti huja papo hapo. Ndio ulio karibu na kisu kilichonolewa. Lakini mtego uliolegea, unaobana mguu tu, ni kisu butu. Mwenye nao na autengeneze au autupe.

AKISEMA MTU

Akisema mtu: "Panya ni fasiki kwa ulimi wa Bwana Mtume, mwenye kuharibu nguo zangu na kula mpunga wangu. Kwa nini nimwonee huruma?" Twamjibu: Hatukuambii umhurumie panya ukajidhulumu. Mwue. Muuaji aliyehukumiwa kisasi naye ana dhambi kubwa kuliko panya, na juu ya hayo haijuzu kumtesa. Panya hana dhambi, kwani hana taklifu. Amefuata tumbo lake kama alivyoumbwa. Mwenye taklifu ni wewe. Kesho hataulizwa panya kwa nini alikula mpunga. Utaulizwa wewe kwa nini ulimchoma.

Wala asidharauliwe kiumbe kwa jina lake. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, tangu mwaka 2000 wanafundishwa panya buku, ambao ni jinsi nyingine na panya wa nyumbani, kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini na kutambua kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alipelekwa Kambodia akafichua mabomu na baruti zaidi ya 100, akatunzwa nishani ya dhahabu mwaka 2020, akafa Januari 2022. Mola ameweka manufaa mahali tusipotazama.

Akisema tena: "Mimi ni maskini, na gundi ndiyo rahisi." Twamjibu: Rahisi kuliko gundi ni kuziba tundu, nako ndiko kunakofuata.

KINGA NI SUNNA

Katika hadithi ya Jabir (r.a.) Bwana Mtume ametuamrisha usiku tufunike vyombo, tufunge viriba, tufunge milango, tuzime taa, akataja kuwa panya huenda akaburura utambi akawaunguza wenye nyumba. Hebu tazameni: kabla ya mtego na sumu, Bwana Mtume amefundisha kufunika na kufunga. Kinga imetangulia kuua.

Panya mdogo wa nyumbani hupenya tundu la milimita 6 hivi, kiasi cha unene wa kalamu ya risasi. Aliyeua panya kumi akaacha tundu wazi amefanya nafasi ya wengine kumi. Basi ziba matundu kwa saruji, au kwa waya wa kusugulia sufuria, kwani panya hapendi kuutafuna. Weka nafaka ndani ya debe lenye kifuniko. Usilaze vyombo vichafu. Takataka zisikae mlangoni. Madumu na mitungi ifunikwe, maana mbu aletaye homa ya dengi, ambayo wazee wetu waliita kidingapopo, na ambayo iliwasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka 2014, huzaliana katika maji ya majumbani. Na chandarua humzuia mbu bila kumwua. Siafu wakiingia, tandika jivu njiani mwao, au wapishe kwa saa chache. Watakula mende na viroboto vyako, kisha watakwenda zao.

Na fuga paka. Bwana Mtume amewataja paka kuwa ni katika wanaotuzungukia majumbani, na Abu Qatada (r.a.) alimwinamishia paka chombo chake cha udhu akanywa. Lakini msimnyime chakula mkidai kuwa akiwa na njaa ndipo atakapowinda. Huko ni kurudi kwa yule mwanamke kwa mlango wa nyuma.

KHATIMA, NA WASIA KWA WAZAZI

Enyi wazazi, na enyi walimu wenzangu wa vyuo, khofu yetu kubwa si juu ya panya. Panya atakufa, kwa mtego au kwa umri. Khofu yetu ni juu ya mtoto anayesimama kumtazama akiungua, akacheka, na baba yake yupo hasemi neno. Moyo haugawanyiki vyumba viwili, kimoja cha ukatili kwa wanyama na kimoja cha huruma kwa watu. Mkono uliozoea kumtesa asiyeweza kusema hautachelewa kumfikia mke, na mtumishi, na yatima, nao ni watu ambao mara nyingi hawawezi kusema. Basi mtoto akikuta panya mtegoni, mwonyesheni baba anavyommaliza kwa haraka, kwa kuchukia, bila mchezo, kisha akamzika akanawa. Hilo ni somo la fikihi lililo bora kuliko kurasa nyingi.

Wala msione kuwa jambo hili ni dogo kwa Mola. Mwanamke mmoja aliingia motoni kwa paka. Na mwingine, aliyekuwa mwenye madhambi, alisamehewa kwa mbwa mwenye kiu aliyemtekea maji kwa kiatu chake. Pepo na Moto vimepita mbele ya wanyama wasiojua kusema, na kila usiku nyumbani kwako, nyuma ya gunia la mchele, mizani hiyo hiyo imewekwa.

Ewe Mola wetu, utufundishe adabu katika ruhusa ulizotupa, uzihifadhi nyumba zetu na maradhi na uchafu, uzilainishe nyoyo za watoto wetu, na utuhurumie siku ambayo hatutakuwa na wa kutuhurumia ila Wewe. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake wote. Amin.

Wallahu aalam.